Mkebe wa Jirani

Katika ghorofa lao mtaani Kware, jirani wa Kavata hakuweza kusikia mtoto akikohoa na yeye anyamaze. Alikuja na mkebe wake wa majani chai, akiutikisa njiani kama kayamba, ndani mmejaa vidonge vya antibayotiki. Kila alipougua alimeza dawa mpaka apate nafuu, kisha zilizosalia akawawekea wengine. Kuzimaliza, kwake, kulikuwa uchoyo. "Ukishapona unameza za nini, na mwenzako anaumwa?" alisema kwa sauti yake nene, huku akipuliza vumbi kwenye kidonge.

Leo Ndete, mwanawe Kavata, mwili ulikuwa unawaka homa, akawa analia na kushika sikio. Jirani aliufungua mkebe kwa meno akatoa kidonge kwa mkono wa kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Kisu kilimkata kidole akimenya viazi, kidonda kikatunga usaha, na sasa uvimbe ulishapita kifundo cha mkono. Kavata akakumbuka maneno ya nesi wa kliniki: dawa huua kwanza vijidudu dhaifu; ukiiacha njiani, kabla ya kuimaliza, vilivyo sugu hubaki na kuzaana.

"Na huo mkono, mama, hujautafutia dawa?" akamuuliza jirani.

"Nimemeza za mkebe huu mpaka nimechoka. Ni mkaidi tu. Mfungue mtoto mdomo, Mama Ndete."

Kavata akamfunika mwanawe mdomo kwa kiganja. "Huyu anaenda kliniki. Na wewe twende, mama, aki nakuomba."

Jirani akakitazama kidonge kwa muda. Kisha akakitia kinywani mwake, kisipotee bure, akakimeza bila maji.