Ushuhuda wa Mama Mbambu

Mtu akikuambia Mbambu alikuwa mwongo, mkatalie. Alipopanda mimbarini katika kanisa dogo la Wakongo kule Makindye, kavaa kitenge kipya kutoka meza yake mwenyewe ya biashara, alisema alichokiona kwa macho yake: sukari iliyomtesa miaka kumi na minne imekwisha. Ilianza kushuka, akapunguza sindano za insulini. Ikashuka tena hadi akatetemeka sokoni jasho likimtoka, akaacha sindano kabisa. Na bado kila asubuhi kipimo kilisoma sita, sita na nusu. Vigelegele vya siku ile! Mbambu alilia kwa furaha, na nani angemlaumu?

Miguu ilikuwa inavimba, kweli, na mkojo ulitoa povu kama maji ya sabuni. Lakini havikuuma, na kisichouma nani hukipeleka hospitali? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kichefuchefu kisichokoma ndicho kilichomfikisha kwa daktari Adoch wiki tatu baadaye.

Daktari alisoma majibu ya damu mara mbili, akavua miwani.

"Mama, nani alikuambia umepona?"

"Sukari yenyewe, dokta. Mi niko napima kila siku."

Daktari akamchorea nyuma ya bahasha. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo mno, na kila kimoja kimekumbatiwa na chembe hai zenye vidole, zinazozuia protini ya damu isipotee. Miaka ya sukari nyingi ilizichosha. Vidole vililegea, chembe zikadondoka, na zikishadondoka hazioti nyingine, panabaki kovu. Lile povu lilikuwa protini inayovuja.

"Na figo ndio inaondoaga insulini mwilini," alisema. "Sasa imechoka, hata ile kidogo unatengeneza mwenyewe inakaa sana ndani, basi sukari inashuka. Hiyo si kupona, mama. Ni figo inakufa."

Akaanza kueleza habari za mashine ya kusafisha damu, lakini Mbambu hakuwa akisikia. Alikuwa akimwaza Estelle, mshonaji wa sare za kwaya. Jumapili ile ya ushuhuda Estelle alimkumbatia mlangoni akasema naye anakwenda kutupa sindano zake chooni. Na yeye Mbambu alimwambia nini? Alimwambia amina.

Alitoka hospitali akaenda moja kwa moja Katwe. Alimkuta Estelle kwenye cherehani, kakonda, midomo imekauka, jagi la maji kando yake, la tatu tangu asubuhi.

"Estelle, nilikosea. Sikupona, figo zangu ndizo zinazokufa. Rudia sindano leo, mdogo wangu, nakuomba."

Estelle alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga. Kisha akamshika mikono yote miwili, akafumba macho, akaanza kumwombea Mama Mbambu arudishiwe imani yake. Aliomba kwa sauti kubwa, na majirani waliosimama mlangoni wakaitikia amina.