Siku Nilipofanywa Yatima, Papa Yangu Akiwa Muzima

Nasikia haya hata kuandika, lakini lazima hii mambo itoke kichwani, maana tangu Jumamosi darasa lote linaniita "Yatima", na papa yangu ni muzima kabisa, anatumika kazi kule bandarini kila siku.

Njo hivi ilikuwa. Darasa letu tulikusanya michango ya watoto wa kituo cha mayatima: sabuni, viatu vya plastiki, biskuti, kila mutoto wa kituo na mufuko wake. Mwalimu alituambia twende wote na unifome, tuimbe, kisha mama mugeni (muke wa mukubwa fulani, ambaye hakutoa hata kijiti kimoja cha kiberiti) agawe. Usiku mvua ikanyesha, blauzi yangu nyeupe haikukauka, nikavaa gauni la nyumbani, lile limepauka mabegani. Kufika, naona wenzangu wamesimama mbele, weupe kama chumvi! Nikajisemea, acha nikae kwanza kwenye mukeka pamoja na watoto, niwachunge. (Kuchunga gani? Nilikuwa najificha.) Mimi ni mufupi, hakuna aliyenitambua.

Hata mama mugeni hakunitambua. Yeye aliona yatima. Alikuja akigawa polepole, kila mufuko na picha yake, mingine aliinyang'anya na kuitoa tena kwa sababu mupiga picha alilia, "Rudia, Mama, ulifunga macho!" Akafika kwangu, akanishika kidevu.

"Na wewe, masikini, wazazi walikufa lini?"

Muntu mwenye mudomo angejibu. Mimi nilitoa machozi ya haya, na yeye kuona machozi akaita, "Piga! Piga hii!" akanikumbatia pamoja na mufuko, manukato yake yakanikaba koo.

Sasa ile mifuko ilikuwa sawasawa na idadi ya watoto. Kando yangu kulikuwa kasichana kadogo sana, Neema, amenyoosha mikono yote miwili, na katoni ya mifuko ikabaki tupu. Mama mugeni akamupapasa kichwa. "Mwaka ujao, sheri, mupenzi wangu." Akageuka.

Nilijua kabisa ni mufuko wa nani niko nao kifuani. Ningesimama niseme. Badala yake nikausukuma chini chini mpaka kwenye miguu ya Neema, nikidhani imeisha. Neema akasimama, na sauti kubwa kuliko mwili wake:

"Huyu si wetu! Iko na mama! Mama yake anatuuzishaka samaki ndagala sokoni, na anapunguzaka kipimo!"

Wimbo ukakatika mbele kwa kicheko. Mwalimu akaita, "Wewe! Unafanya nini kule chini?"

"Nawachunga, Mwalimu."

Neema alikuwa ameshafungua biskuti, hakutuangalia tena. Lakini ile picha ya kukumbatiwa ilikimbia, jioni ilikuwa kwenye simu zote za mutaa. Papa aliiangalia, akanigeukia.

"Bon, sawa. Nilikufa na nini? Niambie, nisisikie aibu mbele ya wenye wanaleta rambirambi."

Mama hakucheka. Yeye alitaka tu kujua ni mutoto gani alisema mambo ya kipimo.

Basi nimeamua. Siku nyingine muntu akinipa kitu cha mwenzangu, nitasema hapana kwanza, kwa sauti, haya nitaisikia kisha.