Haji Kombo wa Kwenye Barafu

Chumba cha mjomba Mbaruku pale Deira, hapa Dubai, kilinuka waya unaoungua na mafuta ya nazi, maana mashine yake ya filamu ilipata moto upesi, na sisi wanawake na watoto tulibanana sakafuni, mafuta ya kichwani yakitutiririkia shingoni. Likizo nzima ya joto lile mjomba alikuwa na filamu moja tu, ya kuchekesha, ya wazungu wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu. Moja! Kila baada ya chakula cha mchana, ileile. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza, si mimi, si dada yangu Salma, si majirani zetu Time na Mwanakhamis binti Faki, kwa hiyo shangazi Zuwena, tuliyehama naye kutoka Unguja, alikaa karibu na ukuta akitufasiria kwa sauti. Wachezaji aliwapa majina ya watu wa mtaani kwetu kule. Kipa alikuwa Mzee Ali Pandu, na yule asiye na meno ya mbele, anayewapiga wenzake gongo kila dakika, Haji Kombo. “Haji Kombo, mlaanifu wee, mwache mtoto wa watu!” Tukicheka mpaka machozi.

Kilichoniudhi, na mpaka leo kinaniudhi, ni kwamba mwisho sikuuona hata siku moja. Kila ulipokaribia, mama alisimama mlangoni: “Haya, wasichana, yalla! Mchele hautajichagua wenyewe.” Wavulana wakibaki, sisi jikoni. Huko ndiko shangazi alikotumalizia: wachezaji wamechoka na baridi ya ugenini, wametupa magongo, wamepanda meli, wamerudi kwao. Haji Kombo kambusu mama yake. Kila siku hivyohivyo, na kila siku shangazi akipangusa macho.

Sasa wajukuu zangu, Nasir na Rahma, wameivumbua filamu ileile kwenye televisheni hapa Al Rigga, Deira hiihii. Kila Ijumaa, kama wameapishwa! Maneno wanayajua kabla hayajasemwa. Sijui wanaona nini humo. Mtu anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Nami, astaghfirullahi, nikacheka vilevile.

“Bibi, huyo haitwi Haji Kombo,” Rahma akasema.

“Usinifundishe. Nimemjua kabla baba yako hajazaliwa.”

Ijumaa iliyopita nilikataa kuinuka mpaka mwisho. Wakashinda, wakanyanyua kombe, wakapanda basi kwenda kucheza mji mwingine, majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Nikauliza meli iko wapi, lini wanarudi kwao. Nasir, mzaliwa wa hapa, akanitazama kama mgonjwa.

“Kwao wapi tena, Bibi? Si hapo ndipo kwao?”

Shangazi Zuwena tulimzika hapahapa Dubai, na safari ile ya kurudi Unguja hakuna kati yetu aliyeifunga. Nikamwambia Nasir airudishe nyuma kidogo. Watu wa siku hizi hukatakata kila kitu. Lazima kuna kipande wamekiondoa.