Lugha Niliyochaguliwa na Uvumi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipoitwa Nyeri na kupewa kazi ya afisa wa wafanyakazi katika kampuni ya kujenga barabara. Nilikuwa na cheti kizuri cha shule na kiburi kingi. Niliambiwa kwamba, kwa kuwa wasimamizi wengi ni wageni, itanifaa nijifunze lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza. Kuchagua waliniachia mwenyewe.

Nikachagua Kijerumani, kwa sababu mjini ilisemekana Wajerumani wanainunua kampuni. Kinyozi alisema, muuza nyama akasema, na shemeji yangu wa Naro Moru akaapa. Karani wetu mkongwe, Mzee Nahashoni, aliviona vitabu vyangu vilivyoletwa kwa posta, akauliza:

"Nani amekwambia?"

"Watu wote wanasema, Mzee."

"Watu wote wako na majina. Taja mmoja ameona huyo Mjerumani."

Nilicheka. Nikamjibu kwamba hayo si mambo ya mtu wa kubandika stempu.

Nilisoma miaka miwili, nikapata cheti, nikakitundika ukutani. Mjerumani hakuja. Wasimamizi wetu walikuwa Waitaliano tangu mwanzo, nami nilijua, maana majina yao yalikuwa katika faili zangu. Kila Jumamosi waliniletea madaftari ya kazi, yameandikwa Kiitaliano, nami niliyafungia kabatini bila kuyasoma.

Kisha lori la kokoto likashindwa kusimama kwenye mteremko karibu na Mweiga, likapinduka katika shamba la viazi. Dereva, Wachira, alivunjika mguu. Msimamizi wake alidai, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba Wachira ni mzembe na afukuzwe. Wachira akaja ofisini kwangu kwa magongo.

"Breki nilisema ni mbaya, bwana. Nilimwambia Jumatatu, nikamwambia tena Jumatano. Akaandika kwa kitabu yake. Si uangalie?"

Nilikitoa kitabu hicho kabatini, nikakifungua mbele yake, nikakifunga.

"Ati hujui kusoma hiyo?" Akakitazama cheti changu. "Na hiyo ingine umeweka kwa ukuta ni ya nini?"

Misheni ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli, na padre wake alikuwa Mwitaliano. Niliona aibu, afisa mzima, kwenda kuomba kusomewa. Nikatia sahihi barua ya kumfukuza Wachira kwa uzembe.

Miezi mitano baadaye padre huyo alikuja kuomba mchanga wa kutengeneza kanisa. Nikajikaza, nikampa daftari lile. Alisoma ya Jumatatu, akasoma ya Jumatano. Siku zote mbili msimamizi alikuwa ameandika kwamba dereva amelalamikia breki, na kwamba lori liendelee na kazi.

Nilimkuta Wachira huko Mwea, akipalilia mpunga wa mtu mwingine, akichechemea. Barua yangu ilikuwa imemfungia udereva kila alikoomba. Nilimkabidhi barua mpya ya kumsafisha jina. Hakuifungua.

"Weka kwa kabati," akasema, "pamoja na zile zingine."

Akarudi kwenye maji. Hajawahi kunisamehe, wala sijaona sababu ya kumtaka anisamehe.

Sasa wewe unataka kusimamia wafanyakazi, na umenijia ukisema utasoma Kijapani kwa kuwa wenzako wanasema ndicho chenye kazi. Wenzako gani? Wamemwona nani? Nenda kwanza mahali unapotaka kuajiriwa. Uliza nani anawasimamia watu pale, taarifa zao zinaandikwa kwa lugha gani, na mfanyakazi anakaripiwa kwa lugha gani. Jifunze hiyo, hata kama hakuna atakayekusifu kwa kuijua. Na kabla hujaijua, usimhukumu mtu kwa karatasi usiyoweza kuisoma. Ipeleke kwa anayeweza, hata kama itakubidi kupiga magoti.

Mungu akupe subira ya kuuliza mara mbili, akubariki katika kazi ya mikono yako, na asikuache utie sahihi kama ile yangu.