Mama Anatoka Damu, Kaka Zangu Wanalinda Mila

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze hata moja.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nauza mitumba hapa Malaba. Mume wangu ni daktari kwenye kituo cha afya karibu na kwetu Adungosi, na ndiye huwapima kina mama saratani ya mlango wa kizazi.

Mama yangu hedhi ilikoma kitambo. Tangu mvua zianze anatoka damu. Nilimuuliza mume wangu kwa ujanja, nikasingizia ni shida ya mteja wangu. Akaniambia, "Damu ikirudi baada ya hedhi kukoma haingojwi. Apimwe wiki hii."

Kwetu mama mkwe hata mkono hampi mume wa bintiye, seuze kumvulia nguo. Sawa, hiyo naiheshimu. Ndiyo maana nilitafuta muuguzi mwanamke Busia mjini, yule aliyenipima mimi mwenyewe. Kunipima kulichukua muda mfupi tu, nikavaa, nikarudi kuuza nguo. Basi nikawaeleza kaka zangu wawili.

Wueh! Mkubwa alifura. "Unataka mkwe ajue mama yetu anaugua wapi? Hao watu wa hospitali wote wanajuana!" Mdogo, ambaye hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe, akaitikia, "Wanajuana kabisa." Wakaamua mama anywe mizizi kutoka Uganda, ya mtu ambaye pia hutibu ng'ombe na ndoa zilizovunjika.

Sasa niwaambie kuhusu huyu kaka mkubwa, mlinzi wa mila. Mwaka jana alishikwa na kisonono. Alikuja kwangu mbio, akamlilia mume wangu kwenye kochi langu bila haya, "Shemeji, nisaidie, kukojoa ni moto!" Siku hiyo watu wa hospitali kujuana hakukuwa na shida. Mume wangu alimtibu na hajawahi kumtajia mtu. Na huyo ndiye leo ananifunza aibu, mwanaume mzima!

Mizizi anakunywa, damu haikomi. Kaka ameapa nikimpeleka mama hospitali nisikanyage boma tena, hata siku ya matanga yake. Yaani mama angali anatembea, na yeye ashapanga nani aje matanga. Kichwa ni cha kubebea kofia tu.

Jana nilimkuta mama nyuma ya jikoni akifua vitambaa vyake kwa kificho. Akaniambia, "Mwanangu, nataka kuishi. Lakini sitaki niwe sababu ya nyinyi kukosana."

Siku ya soko hao wawili watakuwa huko wakipiga domo mpaka jioni. Naweza kuita bodaboda nimtoroshe mama hadi Busia. Nikifanya hivyo, kwetu nimefukuzwa. Nikiendelea kuwabembeleza, damu nayo inaendelea. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini?

Na wewe unayejiandaa kuniandikia niheshimu kaka zangu, kwanza njoo ufue hivyo vitambaa.