Mheshimiwa wa Ngano

Odile, mkalimani wa Bunge la Kanada kule Ottawa, alimjua mbunge yule mkulima wa jimbo la Saskatchewan hata akifumba macho. Salamu yake tu ingetosha kufukuza kunguru shambani. Na kila alipotaja ngano, vidole vyake vinene vilisuguana vyenyewe, kana kwamba vinapukuchua suke. Siku hiyo alisimama kuwaombea msaada wakulima wenzake, maana ukame ulikuwa unawamaliza.

"Keti, mzee! Hapa si zizini!" akaropoka mbunge wa upande wa pili.

"Ng'ombe wangu, Mheshimiwa Spika, huniacha nimalize."

Ukumbi ukaangua kicheko. Odile alikuwa bado anahangaika kuutia utani huo kwenye Kifaransa, mara simu ya mkulima ikalia, jambo lililo mwiko mle ndani. Spika akakunja uso. Mkulima akasikiliza, vidole vikatulia, kisha akaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Kule nyumbani bati la ghala lilisikika likinguruma kwa mvua, na nyuma ya ngurumo hiyo mkewe akicheka kama mtoto. Hata yule mbunge aliyetaja zizi akapiga meza kwa furaha. Odile akafunua kinywa atafsiri, kisha akaiacha mvua inyeshe.