Nusu ya Chini, Theluthi ya Juu

Mwalimu Klaudia, mzaliwa wa Kanazi, amefundisha Hisabati miaka kumi na tisa katika shule moja ya msingi karibu na Nshamba. Somo hilo alilipenda kwa sababu halina ugomvi. Jibu ni sahihi au si sahihi, unaweka vema au kosa, unafunga daftari.

Mwezi wa Mei aliitwa semina Bukoba mjini. Mwezeshaji alikuwa Bi. Alpa, ambaye familia yao ina duka la vitambaa hapo mjini miaka mingi. "Msiishie kwenye jibu," aliwaambia walimu. "Mwulizeni mtoto amelipataje. Mpeni alama za hoja, sifuri hadi tatu." Klaudia aliyaandika yote, akarudi shuleni akiwa na hamu ya kujaribu.

Swali la kwanza aliloliandika ubaoni kwa darasa la nne lilikuwa jepesi: kipi ni kikubwa, 1/2 au 1/3? Eleza kwa nini.

Mujuni, anayeongoza darasa, aliandika: "1/2, kwa sababu 2 ni ndogo kuliko 3." Klaudia alimpa tatu. Kisha akaingiwa na wasiwasi, akamwita mezani.

"Na kati ya 2/5 na 1/4?"

"Robo, mwalimu. Nne ni ndogo kuliko tano."

Alikuwa amekosea, naye alijibu bila kusita. Klaudia alimrudisha kwenye dawati lake na kuitazama ile tatu aliyokwisha kuiandika kwa wino mwekundu.

Daftari lililofuata lilikuwa la Kokubanza, msichana mkimya aliyefiwa na baba mwaka juzi. Yeye aliandika 1/3. Chini yake: "Theluthi ya juu ina migomba 150. Nusu ya chini ina migomba 60."

"Theluthi ya juu ndiyo nini?" Klaudia aliuliza mbele ya darasa.

"Ya baba mkubwa, mwalimu. Kibanja cha juu, lile shamba kubwa la migomba, kiligawanywa sehemu tatu, cha chini sehemu mbili. Tata, baba yangu, alipata nusu ya chini. Nimehesabu migomba mwenyewe."

Jibu halikuwa lile la kitabuni, lakini hoja haikuwa na kasoro. Klaudia hakujua aandike nini. Alisema watalizungumza kesho, na kengele ikamwokoa.

Siku ya pili yake alikuja Mzee Byarugaba, yule baba mkubwa. Aliketi ofisini kwa Mwalimu Mkuu Projestus, kofia magotini. Klaudia alimwamkia shikamoo, akaitikia polepole.

"Mwalimu, nasikia kibanja changu kinagawanywa upya darasani kwako."

"Hapana, mzee. Lilikuwa swali la sehemu. Mtoto alitoa mfano wa migomba mia moja na hamsini."

"Ni mia moja na sitini," alisema mzee. "Sasa niambie. Hapa mnafundisha kwamba theluthi ni kubwa kuliko nusu?"

"Hapana. Nusu ndiyo kubwa."

"Basi marehemu mdogo wangu alipata kubwa."

Klaudia alijua kuna kitu hakijakaa sawa, lakini kila neno alilolitafuta lilimwingiza katika mambo ya ukoo wa watu. Projestus aliwahi. "Jibu ni nusu, mzee. Hata mtihani unasema hivyo." Byarugaba alivaa kofia yake, akawashukuru, akaondoka.

Kabla ya wiki kwisha, mama yake Kokubanza, Annastella, alimngojea Klaudia nje ya ofisi, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu mwalimu, kijiji kizima kinasema umethibitisha kwamba sisi ndio tulipata kubwa. Ni kweli ulisema?"

"Nilisema nusu ni kubwa kuliko theluthi, mama. Ya kitu kilekile. Vibanja viwili tofauti ni jambo jingine."

"Hayo ya kitu kilekile ulimwambia?"

Klaudia aliinamisha macho. "Sikumwambia."

Annastella hakugombana. Alisema tu kwamba mwanawe sasa akiulizwa jambo hata nyumbani anajibu "sijui", akaenda zake.

Jumamosi Klaudia alipanda hadi kwa Mzee Byarugaba. Alimkuta akianika kahawa, akachora mistatili miwili mchangani, mkubwa na mdogo, akamweleza taratibu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile uliniambia nusu," alisema. "Leo unaongeza maneno. Nishike lipi?"

"Hili la leo, mzee. La siku ile lilikuwa pungufu."

"Na kibanja?"

"Hilo sijaja nalo. Mimi ni mwalimu wa Hisabati."

Byarugaba aliendelea kutandaza kahawa kwa mguu. Mpaka leo mipaka iko vilevile. Ila kijijini hasemi tena kwamba mwalimu alithibitisha, na Klaudia hajui kama alielewa au alichoka tu.

Jumatatu alilirudia swali ubaoni, safari hii akiandika "nusu na theluthi ya shamba moja". Mbele ya wote akawaambia kwamba swali la kwanza alilikosea yeye, si Kokubanza. Msichana hakuinua kichwa, lakini alijibu kwa mchoro, na mchoro ulikuwa sahihi.

Ilibaki fomu ya maendeleo, yenye kisanduku kimoja cha alama kwa kila mwanafunzi. Klaudia alimwandikia Bi. Alpa ujumbe: mwenye jibu sahihi na hoja mbovu apate ngapi, na mwenye hoja nzuri kwa swali bovu apate ngapi? Bi. Alpa alijibu kwamba hilo ni swali zuri sana, watalijadili semina ijayo.

"Fomu inatakiwa leo," Projestus alimkumbusha.

Mujuni akampa mbili. Kokubanza akampa tatu, akaifuta, akaandika mbili, halafu akarudisha tatu. Karatasi ilikuwa imechubuka mahali pale. Aliikabidhi hivyo hivyo.